Langalanga mitaani Monaco: picha zangu zimejaa wavu na magari yaliyoegeshwa

Swali: "Mimi ni Mkenya, naishi Marseille. Nyumbani nilizoea kupiga picha Safari Rally kule Naivasha, na picha zangu zilikuwa zikipendeza: vumbi, gari likiruka, watu wakishangilia. Mwaka jana nilikwenda Monaco kutazama langalanga (Formula 1), nikakaa chini karibu kabisa na barabara. Nina kamera ya kawaida yenye lenzi ya 55-250 mm. Picha zote zimeniudhi. Zile nilizopiga kwa kasi ya 1/2000, magari yanaonekana kama yameegeshwa. Nikasoma kwamba natakiwa kushuka hadi 1/60. Nilipofanya hivyo magari yakawa ukungu mtupu, na wavu wa uzio, ambao mwanzoni haukuonekana sana, ukajitokeza mbele ya kila picha. Rafiki yangu anasema tatizo ni lenzi, ninunue ya 70-200 f/2.8 au hata ya 600 mm. Mwingine anasema nibadilishe kamera. Nataka kurudi tena. Ninunue nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Kuna sentensi moja katika swali lako ambayo naona umeipita haraka: kwamba ulipopunguza kasi ya shata, yaani ulipoiacha kamera ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, wavu ndio ukajitokeza. Wengi hawalioni hilo. Wanaona picha mbovu, wanalaumu lenzi, wanakwenda dukani. Wewe umeliona, ila hukujiuliza kwa nini. Una malalamiko matatu, yaani magari kuonekana yameegeshwa, magari kuwa ukungu, na wavu kukaa mbele ya kila kitu, na kila moja lina chanzo chake. La kwanza linatokana na kasi ya shata uliyochagua, la pili ni la mikono na miguu, na la tatu linatokana na uamuzi ambao kamera yako iliufanya bila kukuuliza. Hakuna hata moja linalotibiwa na lenzi ya bei.

Tuanze na magari ya maegeshoni, maana hapo ndipo uzoefu wako wa Naivasha umekuponza kidogo. Kwenye rally barabara yenyewe inakubeba. Vumbi linatimka nyuma ya gari, kokoto zinaruka, gari linapanda tuta na magurudumu yote manne yanaachana na ardhi. Ukigandisha vyote hivyo kwa 1/2000, anayetazama picha bado anaelewa kwamba gari lilikuwa mbioni, kwa sababu anajua vumbi halisimami hewani. Monaco hakuna cha namna hiyo. Ni lami ya mji, barabara zilezile ambazo wenyeji wanaendea kazini siku nyingine za mwaka. Gari la langalanga limeilalia chini kabisa, halitimui vumbi na halilali ubavu kwenye kona. Ukiligandisha unabaki na gari zuri lililokaa barabarani.

Mashahidi wa mwendo ni wawili tu: magurudumu na mandhari ya nyuma. Fungua mojawapo ya picha zako za 1/2000 uikuze kwenye tairi. Nina hakika utasoma jina la Pirelli herufi kwa herufi, na ile alama ya rangi, nyekundu, njano au nyeupe kulingana na ulaini wa tairi, utaiona inapoanzia na inapokomea. Tairi linalosomeka ni tairi lililosimama, hivyo ndivyo jicho linavyoamua. Ukishuka hadi 1/125 herufi zinaanza kuvutika. Kufika 1/60 zimeyeyuka, imebaki pete ya rangi.

Hesabu yake ni hii. Gari likipita mbele yako kwa kilomita 100 kwa saa, linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Katika 1/2000 ya sekunde linasogea sentimita moja na nusu hivi, kitu ambacho hakuna anayekiona. Katika 1/60 linasogea karibu nusu mita. Na Monaco si njia ya kasi kama watu wanavyodhani. Mzunguko mzima ni mita 3,337 wenye kona 19, na ile kona iliyo mbele ya hoteli ya Fairmont ndiyo ya polepole kuliko zote katika kalenda nzima ya langalanga. Magari huizunguka kwa takriban kilomita 50 kwa saa. Kuna matatu za Thika Road ambazo zingeona aibu kwenda mwendo huo. Mahali kama hapo hata 1/60 inakupa robo mita tu, kwa hiyo ukitaka mwendo uonekane itabidi ushuke zaidi. Kinyume chake, gari linapotoka handakini kuelekea bandarini linazidi kilomita 250 kwa saa, na hapo 1/125 tayari inatosha kuvuruga mandhari. Hakuna kasi moja ya shata kwa Monaco nzima. Aliyekuandikia 1/60 bila kutaja kona alikupa nusu ya ushauri.

Kuna dhana nyingine niiondoe hapahapa, maana ndiyo inayowafanya watu watamani lenzi ya 600 mm: kwamba kadiri unavyolikaribia gari kwa lenzi ndefu, ndivyo mwendo unavyoonekana zaidi. Kinachoamua ni gari limejaza sehemu gani ya picha. Gari hili lina urefu wa mita tano na ushei. Likijaza nusu ya upana wa picha, basi picha yako imebeba upana wa mita 11 hivi pale gari lilipo. Kwa kilomita 100 kwa saa na 1/60, mandhari ya nyuma itavutika zaidi kidogo ya asilimia 4 ya upana wa picha, na itakuwa hivyohivyo ukipiga ukiwa mita 15 kwa lenzi fupi au mita 80 kwa lenzi ndefu. Ukiliacha gari liwe robo ya picha ili mji nao uonekane, mvutiko unabaki nusu, na utahitaji 1/30. Lenzi ndefu haikuongezei mwendo hata chembe. Inakuongezea uzito na mtikisiko.

Sasa kuhusu ukungu. Kupunguza kasi ya shata peke yake hakuleti picha ya mwendo. Kunaleta gari lililofutika mbele ya mji ulio wazi, na nadhani ndivyo zilivyo picha zako. Lazima kamera igeuke pamoja na gari, kwa mwendo uleule, tangu kabla hujabonyeza mpaka baada ya kubonyeza. Wengi wanageuka vizuri, halafu kidole kinapobonyeza mwili wote unasimama kwa sehemu ndogo ya sekunde. Shata ya 1/2000 inakusamehe kosa hilo. Ya 1/60 haisamehi.

Panga miguu kwanza. Vidole vya miguu vielekee pale unapotaka kubonyeza, si pale gari linapotokea. Kisha jipinde kiunoni kulifuata gari likiwa bado mbali, mwili ujikunjue kadiri linavyokuja, ili likifika mbele yako uwe umenyooka na umetulia. Viwiko vibane mbavuni. Bonyeza taratibu, picha tatu au nne mfululizo, na uendelee kugeuka hata baada ya shata kunyamaza. Kwenye jukwaa lililojaa watu hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu bega la jirani liko hapohapo. Msalimie jirani mapema, mweleze unachofanya. Kwa kawaida atakuachia nafasi, na huenda akaomba umtumie picha.

Hata ukigeuka vizuri namna gani, kuna jambo la umbo ambalo mikono haiwezi kulishinda. Gari linapokujia kwa mshazari, pua yake iko karibu nawe na mkia uko mbali, na kila sehemu inapita mbele ya macho yako kwa mwendo wake. Kamera inaweza kwenda sawa na sehemu moja tu. Ndiyo maana unapata picha ambayo kofia ya dereva iko safi na bawa la nyuma limevurugika. Hiyo wala si picha mbaya, ila ujue imetokana na nini. Ukitaka gari zima liwe safi, libonyezee linapopita ubavu mbele yako, na kipindi hicho ni kifupi mno. Au tafuta sehemu ya ndani ya kona, ambako gari linakuzunguka likiwa umbali uleule muda wote. Hapo ndipo pa kujifunzia, maana mwendo wa mikono haubadiliki. Sehemu ya nje ya kona gari linakujia, linakua, kisha linageuka ghafla, na anayeanza huondoka hapo na kadi tupu.

Tufike kwenye wavu, kiini cha swali lako.

Lenzi haioni kupitia nukta moja. Inakusanya mwanga kupitia tundu, na upana wa tundu hilo unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya mm, kwa namba ya f. Lenzi yako ikiwa 250 mm kwenye f/5.6, tundu lina upana wa milimita 45 hivi. Waya wa uzio una unene wa milimita 3 au 4. Lenzi ikiwa karibu na wavu na fokasi ikiwa kwenye gari, waya unaziba sehemu ndogo tu ya tundu, na mwanga wa gari unapita kando yake. Chukua sindano, ishike mbele kabisa ya jicho moja, uangalie kitu kilicho mbali. Utaona unakiona kupitia sindano. Ndivyo wavu unavyopotea. Haujaondoka, umetawanyika hadi ukawa ukungu mwepesi unaopunguza ukali wa rangi kidogo.

Jua la Monaco la mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, saa 9 alasiri, ni jua kali. Kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga) mwanga wa namna hiyo unataka takriban 1/100 kwenye f/16. Ulipoiambia kamera ikae 1/60, mwanga ukazidi, nayo ikafanya kitu pekee inachoweza: ikaziba tundu hadi f/20 au f/22. Upana wa milimita 45 ukashuka hadi 12. Waya uleule wa milimita 4 sasa unaziba theluthi nzima ya tundu, na juu ya hayo fokasi imerefuka mbele na nyuma hadi waya wenyewe ukaanza kuonekana kwa mistari yake. Huo ndio uamuzi nilioutaja mwanzoni. Angalia data za picha zako, namba ya f utaikuta. Na kama ISO ilikuwa 400, kamera ilikosa hata pa kukimbilia, na mwanga ukazidi kwenye picha.

Uzio wenyewe usiuchukie. Mwaka 1955 dereva Alberto Ascari alikosea pale karibu na bandari, akatumbukia baharini na gari lake, akaogelea akatoka. Mwaka 1965 Paul Hawkins naye akaingia majini. Zama hizo wapiga picha walisimama ukingoni mwa barabara bila kitu mbele yao, na picha zao tunazitamani hadi leo. Wenye vitambulisho vya habari bado wana nafuu, kwani wanaachiwa matundu maalumu kwenye wavu, lakini mtu wa tiketi hapiti hapo. Wewe unapaswa kuushinda wavu kwa tundu la lenzi.

Kwa hiyo unachohitaji ni kupunguza mwanga bila kuziba tundu. Kifaa chake ni filta ya ND, kioo cha kijivu kinachofungwa mbele ya lenzi. Ile ya ND8 inapitisha sehemu moja tu kati ya nane za mwanga. Ukiifunga, 1/60 ileile juani badala ya kukudai f/20 itakudai f/7.1, na tundu litakuwa na upana wa milimita 35. Wavu unarudi kuwa ukungu mwepesi, gari na mji vinabaki. Hiyo ndiyo tiba, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya lenzi ulizotajiwa. Kama tayari unayo filta ya polaraiza, nayo inakula mwanga kiasi na inapunguza mng'ao kwenye rangi ya gari. Itakusaidia ukiwa 1/125, lakini kwa 1/60 kwenye jua la wazi haifikishi.

Hebu sasa turudi kwa rafiki yako na ile 70-200 f/2.8. Ni lenzi nzuri, sina ugomvi nayo. Kwenye f/2.8 tundu lake lina upana wa milimita 71, na wavu unapotea kabisa. Lakini juani, kwa 1/60, nayo itajiziba hadi f/20 kama yako, na 200 gawanya kwa 20 ni milimita 10. Umelipa fedha zote hizo na wavu umezidi kuonekana! Ukiwa na filta ndipo faida yake inaanza kuonekana. Kama unapiga pia harusi, mechi za ndani au matamasha ya usiku, inunue kwa ajili ya hayo, na Monaco itafaidi. Kama ni kwa wikendi moja kwa mwaka, kodi tu. Ya 600 mm sikushauri hata kidogo. Kwenye mji ambao barabara iko karibu nawe hivyo, utapata kofia ya dereva na kipande cha bawa. Ukiitumia kutoka mbali alasiri, hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye lami inachezesha picha, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoona kupitia hewa inayocheza. Kuhusu kubadilisha kamera, kamera mpya zinafuata gari kwa fokasi vizuri zaidi, hilo ni kweli. Ila halikuwa miongoni mwa malalamiko yako. Ukiwa na ya aina isiyo na kioo cha ndani, zima ile shata ya kimyakimya, maana kwenye kamera nyingi za kawaida inapindisha nguzo na magurudumu.

Fokasi yenyewe, kupitia wavu, ina ukorofi wake. Kamera inapenda waya kuliko gari kwa sababu waya uko karibu na una mistari mikali. Tumia nukta moja ya katikati, na uishikishe kwenye lami mahali gari litakapopita kabla halijafika, kisha uzime fokasi ya kujiendesha. Magari yale yanafuata mstari uleule mzunguko baada ya mzunguko, mizunguko 78 siku ya Jumapili, kwa hiyo ukishapata nafasi hiyo haikutoroki. Kama lenzi yako ina swichi ya kutuliza mtikisiko yenye namba 1 na 2, weka 2. Namba 1 hupambana na mgeuko wako ikidhani ni mkono unaotetemeka.

Usogee karibu na wavu kadiri unavyoruhusiwa, lenzi iutazame moja kwa moja na si kwa pembe. Jambo ambalo watu hulisahau ni jua kuangukia waya. Waya unaong'aa juani unaleta weupe kwenye picha hata ukiwa umetawanyika, ilhali waya ulio kivulini hauna madhara. Chagua upande wenye kivuli, au umwombe mwenzako aweke kivuli cha kofia yake juu ya sehemu unayopigia. Kama kiti chako kiko mita tatu nyuma ya wavu na huwezi kusogea, kubali kwamba hautaisha kabisa. Kwenye f/5.6 utabaki kama kivuli hafifu, na hapo ndipo safu za juu zinapokuwa na thamani yake, kwa kuwa unapiga juu ya uzio. Hasara ya juu ni kwamba nyuma ya gari unapata lami tu, si boti wala majumba.

Na hapa niseme la moyoni. Picha nyingi sana za Monaco ninazoziona zimebanwa kwenye gari hadi hujui kama ni Monaco au ni uwanja wowote wenye lami. Umefika mji ambao magari yanapita chini ya roshani za watu, mbele ya maduka, kando ya maji, tangu 1929, halafu unarudi na picha ya bawa la mbele? Tangu 2018 kuna ule utepe wa chuma juu ya kichwa cha dereva, kwa hiyo hata kofia yake inafichika kiasi. Liache gari liwe robo ya picha. Ushuke hadi 1/30 kama nilivyokokotoa pale juu, upoteze picha nyingi, na zile chache zitakazosalimika zitakuwa na mji ndani yake. Kwa kazi hii lenzi yako, kwenye 55 hadi 100 mm, inatosha na kubaki.

Kama bado hujanunua tiketi, fikiria Rocher, mlima ule wenye jumba la mtawala, unaotazama kona ya Rascasse na bandari kutoka juu. Hakuna viti, ni mteremko wa mawe, na inabidi uwahi sana asubuhi, lakini uzio unabaki chini yako. Fikiria pia kwenda Ijumaa badala ya Jumapili, au pamoja na Jumapili. Tangu 2022 mazoezi ya kwanza, ambayo kwa desturi ya Monaco yalikuwa Alhamisi, yamehamia Ijumaa. Tiketi za siku hiyo ni nafuu zaidi, na kipindi cha alasiri kinakupa mwanga uliolala, laini kuliko wa mchana. Siku ya mazoezi gari likikupita linarudi tena na tena bila presha ya matokeo, na ukikosa hujakosa kitu. Jioni barabara hufunguliwa. Tembea kwa miguu kona zako zote, uone alama za mpira kwenye lami zinapopita, ujue gari litakuwa wapi. Kumbuka vilevile kwamba kuanzia 2026 mashindano yamesogezwa hadi wikendi ya kwanza ya Juni, usije ukaomba likizo ya Mei. Na kuna mashindano ya magari ya kale hapohapo Monaco kila baada ya miaka miwili. Madereva wanaonekana hadi mabegani, viingilio ni vya chini, na kwa mpiga picha mimi ningeyaweka mbele ya langalanga yenyewe.

Simu usiidharau. Juani inapiga kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo itakupa magari yaliyosimama, lakini jicho lake ni dogo kuliko tundu la wavu. Lichomeke katikati ya tundu na wavu wote unatoweka. Itumie kwa watu, vibanda na magari yanayosubiri kuanza.

Usisubiri Monaco ndiyo ujifunze. Marseille kuna tramu, baiskeli na magari siku nzima. Simama kando ya barabara salama, anza na 1/250 hadi uone nyingi zinatoka safi, ndipo ushuke 1/125, kisha 1/60. Gari la kawaida la mjini kwa kilomita 50 kwa saa lina mwendo uleule wa kona ya Fairmont, na hulilipii kiingilio.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia. Weka kamera mezani, piga kitabu kilichosimama kwa f/5.6, kama hata hicho hakishiki fokasi pale ulipolenga, hilo si kosa la mikono yako, mpelekee fundi wa kamera. Picha zako za f/22 zikiwa na madoa meusi mahali palepale angani, sensa, kile kipokea mwanga kilicho ndani ya kamera, ina vumbi, na kuisafisha umwachie fundi huyohuyo. Ukifanya mazoezi wiki kadhaa na bado mgeuko unakatika, tafuta klabu ya wapiga picha ya mjini kwako, mtu asimame nyuma yako aangalie miguu na kiuno chako. Dakika chache za macho ya mtu zitakuonyesha kosa ambalo huwezi kujiona nalo. Masikio nayo yazibe kwa vizibo, kwa kuwa kelele inajirudia kwenye kuta za majengo. Yakiendelea kulia siku mbili baada ya mashindano, muone daktari. Na ukifikiria kuziuza picha hizo, soma masharti ya tiketi kwanza. Kwa kawaida yanaruhusu matumizi binafsi tu, na hapo ushauri utautaka kwa mwanasheria, siyo kwangu.

Filta uinunue mapema, siyo mlangoni. Tazama mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake, kuna alama ya ø yenye namba ya milimita kando yake. Hicho ndicho kipenyo cha kumtajia muuzaji. Chukua ND8 ya kioo kimoja. Zile za kuzungusha za bei ya chini zinapunguza ukali wa picha kwenye lenzi ndefu, na ukikuta mbili kwa bei ya moja, ziache hapohapo kaunta.